Karatasi ya Jumatatu

Kwa miaka kumi na minne nilichapa karatasi moja kila Jumatatu, na nasema bila haya kwamba Temeke nzima hapakuwa na karatasi nzuri kuliko hiyo. Ilikuwa orodha ya kanga zilizomo stoo, pale kiwandani kwetu Chang'ombe: jina la kanga, rangi zake, doti zilizopo, doti zilizokwisha kuahidiwa watu. Ukurasa mmoja, upande mmoja. Saa mbili na nusu asubuhi ilikuwa imeshabandikwa langoni, na wanawake wenye maduka ya Tandika, Mtoni na Kariakoo walikuwa wameshajipanga mbele yake, wengine wakisoma kwa kidole, wengine wakisomewa.

Kanga hainunuliwi kwa namba. Mtu haji dirishani akasema nipe namba sabini na tatu. Anataja jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga yenyewe, na habari za rangi mtazungumza baadaye. Kwa hiyo jina ndilo nililolitanguliza, na nililiandika lote hata likiwa na maneno manane. Lisipoenea, nilishusha mstari nusu nikalimalizia chini yake. Hesabu za doti alikuwa ananiletea Badru, mtunza stoo, kwa mwandiko ambao kuku angeuonea haya. Kazi ya kuzipanga ilikuwa yangu. Nilijua kwa vidole, bila kutazama, kwamba rangi zinaanzia nafasi ya arobaini na doti zinaanzia ya hamsini na nane.

Mwaka tisini na sita kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya alipaka rangi ukuta wa mbele, akafungua stoo nyingine huko Tegeta kwa ajili ya wateja wa barabara ya Bagamoyo, halafu akaleta mfumo wa kompyuta. Tuliambiwa mfumo huo unajua kila kitu: nyuzi zilizoingia, rangi iliyochanganywa, kanga zilizotoka, hata nani yuko likizo. Pamoja na mfumo akaja kijana mmoja mwembamba, mwenye adabu na kalamu tatu mfukoni, jina lake Kamugisha, aliyeajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu auendeshe.

Wiki hiyo hiyo meneja mauzo, Bwana Fredrick, alituita ofisini kwake wachapaji wote watatu: mimi, Anjelina na Lulu. Hakuzungusha maneno.

"Mwisho wa mwezi wa tisa tutabaki na mchapaji mmoja tu, wa barua," alisema. "Ripoti zote zitatoka kwenye mfumo."

Lulu alitabasamu, maana alikuwa na mpango wa saluni Tandika na alichokuwa akingoja ni sababu tu. Anjelina alikuwa na miaka ishirini na sita na Kiingereza cha barua. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, watoto wawili sekondari, mama yangu mzazi ndani ya nyumba yetu pale Mtoni, na ufundi mmoja tu mikononi. Sikuhitaji kupiga ramli kujua nani atabaki. Nilirudi mezani nikaifunika taipureta yangu kwa kitambaa chake, na siku nzima sikusema na mtu. Ukiniudhi mie hununa, tena hununa kwelikweli.

Jumatatu iliyofuata ripoti ya mfumo ikabandikwa langoni. Nasema ikabandikwa, lakini kwa kweli lango halikuitosha. Zilikuwa kurasa thelathini na moja. Kila kanga ilikuwa na msimbo, herufi mbili na tarakimu nne, na kila rangi mstari wake, na kila hesabu imeongezewa sufuri mbili nyuma ya nukta utadhani kuna mtu anayenunua robo ya kanga. Majina yalikuwa ukurasa mwingine kabisa, mwishoni, ukutani, nyuma ya baiskeli ya mlinzi.

Mama mmoja alisoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Jamani, hii orodha ya kanga au ya wafungwa?" akauliza.

Nilicheka peke yangu dirishani mpaka Anjelina akaja kuangalia nina nini. Nilifurahi vibaya, siwezi kusema uongo. Mchana wake nilisikia Bwana Fredrick akimwambia Kamugisha koridoni kwamba anataka ukurasa mmoja, unaosomeka, na anautaka kabla ya Jumatatu ijayo.

Kamugisha akaja mezani kwangu.

"Shikamoo, Bi Tunu."

"Marahaba. Umekuja kuchukua taipureta?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba unifundishe ukurasa wako."

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu wiki iliyopita, yamepangwa vizuri, na yote yakanipotea. Nilivuta droo nikamtolea nakala za kaboni za miaka mitatu. Alizitazama moja moja, hakuzipekua ovyo, akauliza kwa nini doti zinaanzia hapa na si pale, kwa nini mstari mwekundu uko baada ya kila majina matano. Nikamwambia mistari ile ni kwa ajili ya wanaosoma kwa kidole, kidole kisipotee njia. Akasema, "Hilo mfumo haulijui." Nikajikuta nimempenda.

Basi tukaanza. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikwenda kwenye kile chumba chake chenye kiyoyozi, nimejitanda kanga mbili kwa baridi, nikakaa kando yake. Akanionyesha kwamba mfumo wenyewe ni mgumu kugeuzwa, lakini unaweza kumwaga hesabu zake kwenye faili, na faili hilo ukalifungua kwenye programu nyingine, ya majedwali. Huko kila neno na kila tarakimu ina chumba chake, kama nyumba ya kupanga. Chumba ukitaka kukipanua unakipanua. Ukitaka mpangaji wa huku ahamie kule, anahama bila kelele.

"Upana unapimwa kwa nini?" nikamwuliza.

"Kwa herufi. Hapa kuna herufi tisa."

"Herufi!" nikasema. "Si mngesema mapema."

Maana herufi ndiyo kazi yangu. Nilimwambia aondoe sufuri za nyuma ya nukta, akaziondoa zote kwa mkupuo mmoja. Nilimwambia tarakimu zisimame zimeegemea kulia, mamoja chini ya mamoja, zikasimama. Nilimwambia nataka mstari kila baada ya majina matano. Akasema tutauandikia amri mara moja tu na kila Jumatatu utajipiga wenyewe. Siku ya tatu akaninyanyukia kiti, akasimama nyuma, na mie nikawa ninabonyeza. Nilipenda. Nilikuwa nimeapa nisipende, na nilipenda. Kule kwenye taipureta ukikosea mstari wa arobaini unaanza upya na kaboni zako tatu. Huku unarudi unafuta, na karatasi haijui kama ulikosea.

Tatizo likawa moja. Kila tulipochapa, zilitoka kurasa nne. Kwanza majina ni marefu na programu haikukubali nishushe mstari nusu kama nilivyozoea. Pili kila rangi ya kanga ilikuwa na mstari wake, kwa hiyo kanga moja ilikula mistari mitano, sita. Bwana Fredrick alikuwa amesema ukurasa mmoja, na ukurasa mmoja ndio uliokuwa heshima yangu kwa miaka kumi na minne. Jumamosi saa sita mchana, watu wanatazama saa waende zao, nikapata dawa.

"Kata majina," nilimwambia Kamugisha. "Herufi kumi na mbili zinatosha. Mtu akiona 'Riziki haivu' anajua hiyo ni Riziki haivutwi kwa kamba. Halafu mistari yenye jina moja iunganishe, doti zake zijumlishwe."

Alisita kidogo. "Na yakifanana majina yasiyokuwa moja, Bi Tunu?"

"Weye Kamugisha! Kanga utanifundisha mie? Mie nimepokewa na kanga siku niliyozaliwa. Nyie kwenu Bukoba mnafungaga majani ya migomba."

"Majani tunafungia senene wa kula, mama, hatufungi watu," akasema, naye anacheka, na akafanya nilivyotaka.

Ukatoka ukurasa mmoja. Printa ililia kama cherehani, karatasi ikapanda taratibu, na nilipoichana matundu yake ya pembeni nikaiweka mezani kando ya nakala yangu ya kaboni, zilikuwa ndugu. Ile mpya ilikuwa nzuri zaidi. Nilikwenda nyumbani kwa miguu nikiimba.

Jumatatu Bwana Fredrick aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole.

"Bwana Kamugisha, hii sasa ndiyo ripoti!"

"Bi Tunu ndiye..." Kamugisha akaanza, na simu ikalia, na Bwana Fredrick akaipokea huku akitupungia mkono tutoke. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa pameandikwa "Imetolewa na mfumo." Liliniuma hilo. Nilijiambia haidhuru, lakini lilidhuru.

Jumanne saa nne asubuhi ikaingia Kanta ya Bi Munira, lile lori lake dogo. Huyu Bi Munira ana duka Tandika na ndugu mjini kote, na sauti yake haihitaji simu. Alikuja kuchukua doti mia mbili za kanga iliyokuwa inatamba mwaka ule, Asante mama mkwe kwa kunizalia. Kulikuwa na harusi Mtoni siku ya Ijumaa. Upande wa bibi harusi, wanawake wote, wangejifunga kanga hiyo sare kwenda kumpokea mama wa bwana harusi. Bi Munira alikuwa amesoma karatasi ya Jumatatu langoni kwa macho yake, akaona "Asante mama, 640," akaenda kuwapa watu kauli yake.

Badru alimpakilia doti kumi na nane.

"Na nyingine?"

"Mama mkwe ndo hizo tu, Bi Munira."

"Karatasi yenu inasema mia sita na arobaini!"

Hapo ndipo niliposikia mimi, juu ghorofani, na kabla hajamaliza sentensi ya pili nilikuwa nimeshajua kosa liko wapi. Maana kanga zinazoanza na Asante mama zilikuwa tatu. Kulikuwa na hiyo ya mama mkwe. Kulikuwa na Asante mama kwa malezi yako, ya miaka mitatu nyuma, na Asante mama Mungu akulipe, kongwe zaidi, ya rangi ya chai ya maziwa iliyopoa, ambayo hata panya wa stoo waliikataa. Herufi kumi na mbili zinaishia pale pale baada ya neno mama. Majina mengine yaliyokatwa yalionekana kwamba yamekatwa, lakini hili lilikatika vizuri mno, likaonekana zima. Mfumo ukazichukua zote tatu, ukazijumlisha, ukazipa mstari mmoja, kwa sababu mie niliuambia ufanye hivyo.

Bi Munira alipanda ngazi. Aliingia ofisini kwa Bwana Fredrick bila kubisha, na mimi nilikuwemo humo na faili la barua za kutia saini.

"Mnataka mwali wangu amwendee mama mkwe wake na kanga ya kumshukuru mama yake mwenyewe?" aliuliza. "Siku ya kwanza? Si ugomvi huo? Mie nimeshatoa kauli, Fredrick. Mtu mzima nimetoa kauli yangu mbele za watu!"

Bwana Fredrick alimwomba akae, akaagiza soda, akamwita Kamugisha.

"Huu ndio mfumo wako? Unadanganya wateja?" Alikuwa ameishika ile karatasi, na sasa aliishika kwa ngumi. "Nampigia simu mwenye kiwanda leo hii. Namwambia huu mfumo ni mwongo, na wewe uliyeuleta sijui nikuite nani. Tunarudi kwenye taipureta."

Kamugisha alisimama wima, anatazama viatu vyake. Angeweza kusema. Alikuwa ameniuliza, nikamcheka, na yote hayo yalikuwa ni siku tatu tu zilizopita. Hakusema, wala hakunitazama, na huko kutonitazama ndiko kulikonikata maini.

Nitasema ukweli wangu wote. Kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili, nilinyamaza kwa makusudi. Nilikuwa nimelisikia neno taipureta. Nikinyamaza, mfumo utakuwa mwongo, na Jumatatu ijayo Bwana Fredrick mwenyewe atanivulia kitambaa kwenye mashine yangu na kunivutia kiti. Watoto wangu watamaliza shule. Kamugisha ni kijana, ana cheti, atapata kwingine. Karatasi ile haikuwa na jina langu popote, na katika chumba kile waliojua ni watu wawili, mmoja wao anatazama viatu.

Halafu nikakumbuka jinsi Kamugisha alivyozishika zile nakala zangu za kaboni siku ya kwanza, moja moja.

"Mfumo haujadanganya, Bwana Fredrick," nilisema. "Mie ndiye niliyekata majina."

Akageuka. "Wewe? Majina gani?"

"Ya kanga. Nilitaka yaenee ukurasa mmoja. Nikasema yakatwe yabaki herufi kumi na mbili, na yanayofanana yaunganishwe. Huyu kijana aliniuliza itakuwaje yakifanana, nikamwambia kanga hanifundishi. Kosa langu, sina wa kumsukumia."

Bi Munira aliweka soda chini. Bwana Fredrick alinitazama mimi, akamtazama Kamugisha, akanitazama tena.

"Wewe Bi Tunu ulikuwa unafanya nini kwenye kompyuta?"

"Ndiye aliyeupanga ukurasa wote," Kamugisha akasema, na sasa ndiyo aliinua kichwa. "Mistari, safu, mpangilio, vyote. Mimi nilibonyeza tu, na siku za mwisho hata kubonyeza alibonyeza yeye."

Bwana Fredrick aliikunjua ile karatasi, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja.

"Basi kaupange upya," alisema. "Sasa hivi. Bi Munira anangoja."

Tulikwenda karibu mbio. Nikakaa kitini, Kamugisha akavuta kigoda. Tulimwaga hesabu upya kutoka kwenye mfumo, safari hii na majina yote, herufi zote, hata yale ya maneno manane.

"Haitaenea," akasema.

"Ile printa pana ya ofisi ya mishahara inachukua herufi ngapi?"

Alinitazama. "Mia moja thelathini na mbili."

"Basi imeenea."

Rangi nazo sikuziunganisha kwa jina. Nilimwambia aziunganishe kwa msimbo, kwa kuwa ule msimbo wa wafungwa nao kumbe una kazi yake: kila kanga ina wa kwake na haufanani na wa mwenzake. Nilikuwa nimeudharau bure. Alipokuwa anaandika amri hiyo akaniuliza, "Niweke stoo ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Mfumo una mbili. Hii na ya Tegeta. Wewe karatasi yako ilikuwa ya hii tu, nami nikakufuata."

Hesabu zangu zote za miaka kumi na minne zilitoka kwenye mkono wa Badru, na mkono wa Badru ulifika mwisho wa ukuta wake. Stoo ya Tegeta ilikuwa na miezi mitano tu, iko katikati ya nyumba mpya ambazo hazijapigwa lipu, na hakuna mtu wa Temeke aliyewahi kuifikiria.

"Ziweke zote mbili," nilisema. "Kila moja na safu yake."

Tukaibeba diski mpaka ofisi ya mishahara. Printa yao ilikuwa na sauti nzito zaidi. Karatasi ikapanda, mstari kwa mstari, na mimi nimeinama juu yake mpaka karani wa mishahara akaniomba nisiizibe. Herufi A ziko juu, haikuchukua muda. Asante mama kwa malezi yako. Asante mama mkwe kwa kunizalia: Temeke 18, Tegeta 212.

Nilisoma mara tatu. Nikamwomba Kamugisha asome. Akasoma.

Niliteremka ngazi mwenyewe, sikumwachia mtu. Bi Munira alikuwa amesharudi chini, amekaa ndani ya Kanta yake mlango wazi, mguu mmoja nje, anajipepea. Nilimpa karatasi. Aliweka kidole kwenye jina, akakipeleka kulia taratibu kwa kufuata mstari, kikafika.

"Tegeta?" akasema. "Kule porini?"

"Kanta si inafika?"

"Inafika." Akampiga dereva wake bega aamke. Halafu akaitazama karatasi tena, yote, juu mpaka chini. "Kumbe na ile Subira yangu ninayoililia tangu mfungo sita iko huko huko! Nyie watu mna kanga mnazificha?"

"Hatufichi, Bi Munira. Tulikuwa hatujui."

"Hii naondoka nayo," akasema, akaikunja akaitia kifuani. "Umeponea, Tunu. Umeponea chupuchupu." Kanta ikageuka, ikatoka getini, na mie nikakaa pale pale kwenye ngazi ya stoo. Badru akaniletea maji.

Alhamisi asubuhi Bwana Fredrick akaniita. Nilikwenda nimejiweka tayari. Kosa nilikuwa nimelikiri mbele ya mteja, na mwisho wa mwezi ulikuwa siku tisa mbele. Alinipa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, zimechapwa kutoka kwenye mfumo, kurasa mbovu mbovu kama zile thelathini na moja.

"Muundo mpya wa kiwanda," alisema. "Wanaobaki, idara kwa idara. Mwenye mali anautaka kesho, uwe unasomeka. Ukurasa mmoja." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Na usikate jina la mtu."

Sikuzitazama njiani. Niliingia chumba cha kompyuta, nikamsalimu Kamugisha, nikakaa. Nilijiambia nitaanza juu na kushuka kama ripoti nyingine yoyote, sitakimbilia kutafuta jina langu kama mtoto anayetafuta matokeo ya darasa la saba. Kazi ni kazi. Uchapishaji wa kanga, watu arobaini na wawili. Stoo ya Temeke, Badru na wenzake watano. Stoo ya Tegeta. Barua na Uchapaji, mtu mmoja: Anjelina.

Nilifurahi kwa Anjelina. Nasema hivyo na ni kweli, ana mtoto mchanga. Lakini pia nilihisi kama mtu amefungua dirisha nyuma yangu. Niliendelea. Idara ya Kompyuta, mtu mmoja: Kamugisha, na neno la majaribio limeondolewa. Mishahara. Walinzi. Bustani. Nikafika mwisho wa ukurasa wa pili, pale mfumo unapoandika wenyewe siku na saa uliyotoa ripoti. Ulikuwa umeitoa Jumamosi saa tano asubuhi.

Jumamosi saa tano mimi nilikuwa bado nahangaika na kurasa zangu nne. Kwa hiyo walikuwa wameshaamua. Kabla sijakata majina, kabla sijasema chochote, nilikuwa nimeshaondolewa.

Chini ya mstari huo wa mfumo palikuwa na mwandiko wa mkono, wino wa kijani, ule wa Bwana Fredrick anaotilia saini. Ulikuwa umeandikwa siku ya Jumanne, tarehe iko pembeni. Idara ya Kompyuta, ongeza mmoja. Mtayarishaji ripoti: Bi Tunu.

Kamugisha alikuwa anazungumza habari za karatasi kuishiwa, akaona uso wangu akanyamaza. Nilifuta macho kwa ncha ya kanga, nikavuta kiti.

Jina langu halikuwamo kwenye mfumo, kwa hiyo hapakuwa na cha kumwaga wala cha kuhamisha. Nilipeleka kishale chini ya jina la Kamugisha, nikafungua mstari mpya, nikaliandika mwenyewe. Niliandika langu, na la baba yangu, na la babu, Tunu Mwinyimkuu Mwinshehe, halafu nikahifadhi.